Mkono wa Makame Juu ya Msumeno

Jumatano, Mfunguo Nne. Jua kali tangu asubuhi, upepo hamna kabisa, hata pazia la dirishani limesimama kama limepigiliwa misumari. Nyonga ya kulia inaniuma. Moyo sikutaka kuusema, lakini karatasi nshaifungua.

Naandika mwenyewe. Chuoni nilisoma juzuu chache tu, kisha nikatolewa nikapewa tezo ya kuchongea mbao, na herufi zangu zinapanda na kushuka kama ubao uliolala mvuani. Haidhuru. Simpi mtu asome.

Leo Makame kaja, na leo Makame kaondoka.

Makame ni mtu wa Kizimkazi. Kabla mashine ya moshi haijaletwa hapa Malindi, sisi wawili ndio tuliokuwa tukipasua magogo ya mji huu. Sijisifu. Ile milango mikubwa ya Shangani na Baghani, uliza mbao zake kapasua nani, utaambiwa Nassor. Basi nusu ya huyo Nassor ni Makame. Mie nilikuwa juu ya gogo, yeye chini shimoni, kajifunga kitambaa kichwani unga wa mbao usimwingie machoni. Mie navuta msumeno juu, yeye anauvuta chini. Kutwa nzima hatuonani, na hakuna mtu niliyemjua duniani kama yeye.

Msumeno ulikuwa ukinipa habari zake. Akiwa na homa naijua mkononi kabla hajasema. Akigombana na mkewe, msumeno unashuka kwa hasira. Siku alipozaliwa mwanawe wa mwanzo alivuta mpaka nikampigia kelele, "Wee, unataka kuniangusha humo shimoni?" Akacheka kule chini, sauti inatoka kama ya mtu kisimani.

Mashine ilipokuja, shimo likafukiwa. Mie nikachukuliwa mashineni, maana hapakuwa na mwengine anayezijua mbao kama mie, na Makame akarudi kwao kulima muhogo na kuchoma chokaa. Miaka imepita. Sijapata kusimama mbele ya mashine ile nisitazame upande wa pili kumtafuta yeye.

Msumeno wenyewe ni sahani ya chuma yenye meno, imetokeza katikati ya meza, na inazungushwa na mkanda mpana wa ngozi unaotoka kwenye injini. Kelele zake zinalishinda gari la moshi la Bububu. Ukishika kasi, meno huyaoni. Unaona kama ukungu tu, na huo ukungu ndio unaokula watu. Wapo hapa karakana waliopoteza vidole, sitawataja. Mie vyangu ninavyo vyote, na hiyo si bahati, ni akili.

Kanzu sivai kazini, ingawa babu yangu aliyetoka Maskati angeona haya kuniona na shati la mikono mifupi, kikoi nimekikaza kama mpagazi. Kilemba nakitundika kwenye msumari mlangoni. Ubao siutii mashineni kabla ya kuupapasa wote, usije ukawa na msumari wa zamani umejificha ndani. Nyuma ya ubao sisimami. Nasimama ubavuni, kwa sababu ubao ukibanwa na meno hurudi kama teke la punda. Shibiri ya mwisho sisukumi kwa mkono. Nina kijiti changu cha mkarafuu, ncha yake nimeitia pengo liushike ubao. Na kipande kikianguka karibu na meno, kitalala hapo hapo mpaka mkanda utolewe na chuma kinyamaze. Bwana Jivan, msimamizi wetu, anadhani haya kanifundisha yeye. Namwacha adhani.

Lakini mashine nayo, kama shimo, inataka watu wawili, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kupokea. Mpokeaji wangu wa juzi kaacha kazi kenda kuchuma karafuu. Bwana Jivan akanijia na sauti ya upole, ile sauti ya kumwambia mgonjwa.

"Mzee Nassor, sasa nawe basi. Nitaweka vijana wawili. Wewe kaa kivulini, piga msasa masanduku."

Msasa! Mie!

Nikamwambia mpokeaji ninaye, bora kuliko vijana wake wote, nikatuma salamu Kizimkazi kwa wachukuzi wa nazi. Mwambieni Makame aje, nafasi ya upande wa pili iko wazi. Kusema kweli, msasa ulikuwa kisingizio. Nilimtaka yeye.

Basi leo asubuhi nikamwona anaingia, kikapu cha pweza mkavu mkononi, kichwa chote cheupe.

"Sabalkheri, Bwana Nassor. Ala! Mbona umekuwa mfupi?"

"Sabalkheri. Sikuwa mfupi. Ni weye uliyezoea kunitazama kutoka shimoni."

Akacheka, kicheko kile kile. Ilinibidi nigeuke nijitie natafuta kijiti changu.

Nikamwonyesha kila kitu, mkanda ukiwa umetolewa. Nikamkunjia mikono ya shati mwenyewe mpaka juu ya viwiko, kama anavyokunjiwa mwana anayepelekwa kutia udhu. Nikamsimamisha mwisho wa meza. Nikamwambia, usivute. Zamani kazi yako ilikuwa kuvuta. Hapa ubao unapokewa tu, mashine inajivutia yenyewe. Na pokea kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa ubao unatokea kushotoni kwako, na msumeno uko kuliani.

Akanitazama kama niliyemwambia ale kwa mguu.

"Kushoto? Nikupokee weye kitu kwa mkono wa kushoto?"

"Naam. Kushoto."

"Mama angu alinitia kofi kwa jambo hilo kabla sijaota magego."

"Mama ako hakuwahi kuuona msumeno huu."

Akakubali, kwa shingo upande. Kila ubao aliopokea kwa kushoto aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa wake, na midomo naiona inasema samahani. Mie nacheka. Mbao za mfenesi zikitoka manjano, zina harufu ile ile ya zamani. Ubao nikiusukuma, nilikuwa nausikia mzigo unapungua pole pole mikononi mwangu, najua keshaupata. Sikuhitaji kumtazama. Wallahi, asubuhi hii nilikuwa kijana. Nilikuwa nimekwisha kupanga kichwani wapi atalala, nani atampikia, na Ijumaa tutakaa wapi msikitini.

Kisha akaingia mwenye mlango. Ni sheikh mmoja mkubwa wa hapa mjini. Mbao zile ni za mlango wake, naye kaja na bakora yake ya fedha kuzitazama zikipasuliwa. Akasimama nyuma yangu upande, mikono kaitia juu ya bakora.

Nikaona uso wa Makame unabadilika. Mbele yangu mie aliweza kuimeza ile haya, mbele ya yule mgeni hakuweza. Mtu wa shamba kaja mjini, anapokea kitu kwa mkono wa kushoto kutoka kwa mtu mkubwa kwake, na sheikh anatazama! Ubao ukafika. Mkono wake wa kushoto ukashuka. Wa kulia ukanyanyuka, na shati likakunjuka kwenye kiwiko.

Ukaja juu ya ule ukungu wa meno.

Sikufikiri. Kijiti kilikuwa mkononi, nikainama nikampiga nacho.

Kilimpata kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu zangu zote, na mkono ukarukia pembeni. Ule ubao niliouachia ukabanwa ukarudi, ukanipiga nyonga. Mie, nisiyesimama nyuma ya ubao, leo nilikuwa nyuma ya ubao, kwa sababu vyenginevyo nisingemfikia. Mtu akautoa mkanda. Chuma kikaanza kunyamaza, taratibu, taratibu, na mie nikawa natamani kisinyamaze, maana kikinyamaza itakuwa zamu yetu kusema.

Makame kashika mkono wake. Ulikuwa mzima, una mstari mwekundu tu.

"Umenipiga."

"Nimekuokoa."

"Umenipiga fimbo, Bwana Nassor. Mbele za watu."

Hakupandisha sauti. Na ile si fimbo, ni kijiti cha kazi. Lakini nnajua watu waliona nini. Waliona Mwarabu kanyanyua fimbo kampiga mtu wa shamba, na katika mji huu, ambao wako watu wanapita njiani wana alama za fimbo za utumwa mgongoni, hakuna aliyetazama msumeno ulikuwa wapi. Makame hakuwa mtumwa wa mtu, wala baba yake, wala babu yake. Miaka yote ile alikuwa chini ya gogo na mie juu, na hata siku moja hapana aliyesema kuwa mmoja wetu yuko chini ya mwenziwe. Leo nimemweka chini, kwa pigo moja, mbele ya sheikh.

Na mie nikasema nini baada ya hapo? Nikasema, "Na ukirudia nitakupiga tena."

Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka.

Akachukua kikapu chake. Kile cha pweza alichokileta kwa ajili yangu. Akawaaga wote, Bwana Jivan, yule sheikh, hata mtu anayetia kuni kwenye injini, akamwambia kwa heri na kazi njema. Mie akanipita kama nguzo. Baada ya adhuhuri nikasikia kapata wenziwe wa kusini waliokuwa wakirudi na punda, kafuatana nao.

Watu walipokwenda kula nikabaki na mashine. Nikainama kuyatazama meno, na katika jino moja nikakuta uzi mweupe, wa shati lake. Umenyooka pale kama umeshonwa. Nikautoa nikautia kwenye ncha ya kikoi, nikafunga fundo. Nilifurahi, sisemi uongo. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi kwa kadhi.

Nyumbani mwanangu Zuwena akanikanda nyonga kwa mafuta ya moto. Nikamsimulia yote, nikamfungulia fundo akaona.

"Sasa baba, ulimwonyesha mwenyewe?"

"Alikuwa keshaondoka."

"Na kabla hajaondoka, ulimwambia pole?"

Nikalifunga fundo upya.

"Baba weye! Hata ukimwokoa mtu lazima umgombeze?"

Nikamwambia akande, asiseme. Akakanda. Alikanda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sasa nshasali magharibi, na uzi uko hapa juu ya karatasi, mwepesi hata nikivuta pumzi unasogea. Nilikuwa nimeazimia kumpelekea. Nilijiona kabisa nimesimama mlangoni kwake, nauweka kiganjani, nasema tazama, tazama mwenyewe, bila ya mie mkono huu leo ungekuwa unazikwa. Naye angetazama, na asingekuwa na la kusema.

Lakini asipokuwa na la kusema, mie nitakuwa nimepata nini? Leo nshamshinda mara moja, na nimerudi nyumbani peke yangu.

Nimeupuliza dirishani.

Nnamtaka Makame. Nnaandika haya kwa kuwa kusema sitasema. Si kwa ajili ya mashine. Bwana Jivan na aweke vijana wake, na msasa na niupige, masanduku yatang'ara mjini kote, maana mie nikipiga msasa napiga msasa. Nnamtaka kwa sababu leo asubuhi, kwa mbao zile chache, niliacha kusikia ile kelele. Injini ilikuwa inanguruma vile vile na mie nilikuwa nasikia msumeno wa zamani, unapanda, unashuka, na mtu yuko kule upande wa pili. Tangu mama yake Zuwena alipofariki sijapata kuhisi kuwa kuna mtu upande wa pili wa kitu chochote.

Nimempelekea Bwana Jivan habari kuwa kesho sipo. Punda nimeazima kwa jirani. Zuwena kanifungia mkate na halua, hakuuliza nakwenda wapi. Njia ndefu, na nyonga itapiga kelele kabla hatujafika nusu. Sijui nitamwambia nini. Kuomba radhi kinywa changu hakikuzoea, na najijua, huenda nikifika nikaanza tena habari za mkono wa kushoto.

Lakini kukaa najua. Nitakaa barazani kwake. Akitaka kunifungia mlango anifungie, akitaka kuwaambia watoto wake wasinipe maji wasinipe. Alfajiri lazima atoke kwenda msikitini, na akitoka atanikuta.