Chupa Zisizotiwa Siki

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaketi kusoma, nenda kafunge kabati la jikoni na ufunguo uutie mfukoni. Usiulize kwa nini, fanya kwanza. Umeshafunga? Haya. Hamjambo huko kambi ya magogo? Wifi yangu hajambo, na wale wanao watatu? Safari hii nauliza kwa dhati, si kwa mazoea ya barua.

Huku baba ni mzima. Maharage machanga bustanini yamezaa mpaka majirani wakawa wanatukwepa wasibebeshwe tena. Mama akatoa zile chupa zake za mdomo mpana, tukashinda jikoni wiki nzima tukikata ncha, tukichemsha na kukaza vifuniko. Unamjua mama. Kila chupa kikombe cha siki, hakipungui, maana ndivyo alivyofunzwa na bibi, na bibi hakuwa mtu wa kuulizwa maswali. Nikamwambia maharage yake yanamkunja mtu uso kuliko dawa ya minyoo. Akanijibu kwamba nikipata jiko langu nitapika nitakavyo.

Jumamosi mchana alifungua chupa akala sahani nzima peke yake. Baba jino lilikuwa linamuuma akanywa uji, mimi nilikuwa sokoni. Kesho yake akalalamika kwamba anaona milango miwili. Nami, mjinga mie, nikamtania achague mmoja apite. Kufika jioni kope zimemwangukia, ulimi mzito, akinywa maji yanamtokea puani. Hospitali wakadhani ni kiharusi, mpaka daktari mmoja alipouliza kama alikula chochote cha chupa. Akatueleza kwamba kuna sumu inayojitengeneza ndani ya chupa iliyofungwa ikikosa uchachu. Haina harufu wala ladha, na kuchemsha kwetu kwa sufuria hakuui mbegu yake. Huanza machoni, ikashuka kooni, ikafika kifuani. Sasa mama anapumua kwa mashine.

Kabla hawajamtia mipira ya mashine hiyo mdomoni aliomba kalamu. Akaandika kwamba chupa ile aliipika yeye, alisahau siki, na ilikuwa moja tu. Daktari akasema afadhali, basi wengine wako salama. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza.

Kaka, mama hajasahau siki tangu azaliwe. Ni mimi. Ulipoandika kwamba wanao wanayatema maharage ya bibi yao kwa ukali, nilisubiri mama atoke, nikapika chupa saba kwa chumvi na maji tu. Nilitaka watoto wafurahi, na nilitaka nami nisifiwe walau mara moja. Nikakaza vifuniko, juu nikafunga vitambaa kama afanyavyo yeye, ili asijue. Moja niliisahau kwenye rafu. Alipoonja alijua ni mkono wangu, na bado akamaliza sahani. Pengine yalimpendeza, sijui. Kisha akanificha. Asilolijua ni kwamba zile sita zimo kwenye boksi nililokutumia wiki mbili zilizopita.

Leo asubuhi nimemwambia daktari yote. Dawa ipo, lakini husaidia ikiwahi. Simu yako tangu jana haipatikani, ndiyo maana nimemwomba dereva wa lori la magogo akimbie na barua hii na asiikabidhi kwa mwingine. Kama kuna aliyeonja hata kijiko, msingoje dalili, pandeni gari hilo hilo mje wote na chupa mje nazo. Msiyamwage, msiwape hata kuku.

Baba anawasalimu, hajui bado ninayokuandikia. Wasalimie wifi na wanangu. Kama hakuna aliyegusa, nijibu kwa dereva, ila usinijibu peke yako. Kila mmoja aandike jina lake kwa mkono wake, na yule mdogo asiyejua kuandika achore mstari. Nitahesabu watano.

Ni mimi mdogo wako,
niliye nje ya wodi ya mama.