Alhamisi za Kukumbuka

Buyenzi, Bujumbura

Mke wangu Mwajuma,

Assalaam aleykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mimi napumua, alhamdulillahi, ila kuna jambo nilikuficha. Usikasirike.

Mwezi uliopita nilijidunga sindano ya kushusha sukari asubuhi, nikasahau, nikajidunga tena. Nikiwa kwenye cherehani jasho likanitoka, macho yakaingia giza. Mama Esperansi, jirani yangu wa kazini, ndiye aliyeninywesha maji ya sukari. Haikuwa mara yangu ya kwanza kusahau. Nilishakata suruali ya mtu kwa vipimo vya mwingine.

Muuguzi wa zahanati, dada Domitila, akaniambia, "Baba, sukari inagusa hata akili. Na akili inataka kazi, sawa na mukono. Ukuye kila Alhamisi."

Basi naenda. Tuko sita, watu wazima, wote tuna sukari. Anatutajia vitu kumi vya sokoni, tunapiga soga kidogo, kisha tunavirudia. Tunahesabu kutoka mia kurudi nyuma, saba saba. Jioni nawahi chumbani kabla ya saa ya kutotembea waliyoweka askari, navitaja vile vitu kwa sauti. Hakuna wa kunisahihisha. Siku hizi kila nikijidunga natoboa tarehe ya kalenda kwa sindano ya kushonea, na sijakosea tena.

Alhamisi iliyopita alituambia tufumbe macho, tutembee akilini njia ya kwetu, tutaje nyumba. Akaanza Mzee Gaspari, mwalimu mstaafu wa Kamenge. Fundi baiskeli. Mjane mwenye mbuzi. Mapacha wa kanisani. Sote tulijua mtaa wake ulivyochomwa katika vita hivi. Domitila akamgusa bega.

"Mwalimu, inatosha."

"Apana. Mi nilikuya hapa nisisahau. Niache nimalize."

Akamaliza, nyumba ishirini na moja.

Zamu yangu nikatembea Ujiji. Msikiti nikaupita, uani nikaingia vizuri. Nilipofungua chumba, sikujua kitanda cha watoto kiko upande gani. Miaka mitatu tu, Mwajuma! Nikasimama pale mlangoni, macho nimefumba, watu wananingoja. Mzee Gaspari akanishika mkono.

"Nyumba yako ingali iko," akasema. "Uliza wenye wamo."

Ningekuja mwenyewe kuangalia, lakini barabara ya kusini ina risasi, na dawa huku naipata. Huko sina hakika.

Nisalimie mama mkwe, shemeji anayechoma matofali, na mwalimu wa watoto wa chuo cha Kurani. Wabusu watoto. Na wewe ukijibu, usiniandikie tu kwamba mko salama. Niandikie kitanda kiko wapi, nani analala ukutani, na asubuhi jua linamwangukia nani.

Mumeo,
Ramadhani