Sufuria la Nasri Lililosuguliwa

Shangazi Tumpe mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika.

Mume wangu Nasri ana duka la vipuri hapa Ilomba, na tangu mwaka jana ameingia kikundi cha kupiga kambi, yeye na rafiki yake Rabson na wanaume wengine wenye vitanda vyao, wanakwenda kulala chini huko porini upande wa Igawa, na huko amejifunza kupika, yeye ambaye nyumbani hajui chumvi inakaa wapi, akanunua sufuria la chuma, zito, jeusi, lina miguu mitatu, wanaweka makaa chini na mengine juu ya mfuniko, akirudi ananieleza siku tatu nzima kwamba hiyo ni teknolojia. Shangazi, bibi yangu alipalia wali makaa juu ya mfuniko kila Ijumaa, na mimi napalia hivyohivyo, na Nasri amekula miaka ishirini na mbili bila kuuliza.

Basi mwezi uliopita Rabson aliliazima, akalirudisha Nasri akiwa dukani, nikaliona jikoni kwangu jeusi ndani na nje, lina mafutamafuta, nikasema mgeni akiingia atanionaje, nikachukua majivu, mchanga na waya, nikasugua tangu adhuhuri mpaka alasiri, likawa jeupe, nikajisikia fahari. Asubuhi limejaa kutu. Nasri alikaa chini kama aliyefiwa, akasema, "Rabson ameniharibia sufuria," na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Labda." Sasa hawasalimiani, watu waliosoma dawati moja, na Jumamosi Rabson anaoza binti yake kule Kihesa, na Nasri aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi amesema haendi. Nikisema ukweli ataniacha?

Mwanaidi, Ilomba

Marahaba, Mwanaidi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili ukanikera.

Kusugua sikulaumu. Umelelewa kwamba sufuria lenye masizi ni aibu ya mwenye jiko. Ule weusi ni mafuta yaliyoungulia kwenye chuma, ndiyo yanayozuia kutu, na katika siku zake tatu za teknolojia mumeo alikosa dakika moja ya kukwambia hilo.

Kosa lako ni hiyo "labda". Umemtwisha mwenzio mzigo wako, na mtoto wa watu anaolewa kamati haina mwenyekiti, kisa wewe unaogopa sufuria. Acha hizo. Leo akija kula mchana mwambie, kabla hajanawa. Hatakuacha. Mume anayeacha mke kwa ajili ya sufuria alikuwa anatafuta njia zamani. Kisha mwende wote kwa Rabson, uombe radhi kwa mdomo wako, si kwa meseji.

Sufuria linapona. Ondoeni kutu, mlikaushe motoni, mlipake mafuta ya kula kidogo, mlifute kwa kitambaa, mlichome mpaka moshi uishe. Mrudie mara nne. Kitambaa ashike Nasri.

Gazeti hili linatoka leo Alhamisi, na jina uliandika mwenyewe. Ukichelewa, nitakuwa nimekusemea.

Na wewe Nasri, najua unatusoma hapo dukani ukijifanya unatafuta kurasa za michezo. Sufuria limesuguliwa mpaka chuma kimetoka weupe, ukamshuku Rabson. Umemjua tangu dawatini. Ulimwona lini akiosha hata kikombe?