Kigoda cha Mlangoni

Wifi Mwanaidi, shikamoo.

Najua marahaba yako haitarudi, ila siwezi kuanza maneno na mkubwa wangu bila kumwamkia, hata akiwa amelala kule juu kwenye mikaratusi. Arobaini yako imepita. Sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe na kaka yako ameanza tena kwenda bustanini. Mimi bado mgonjwa wako yule yule.

Nikueleze hali, maana ulipenda kuelezwa yote bila kurukwa. Kucha zangu zimekuwa nyeusi. Nywele ulizoninyoa hazijaota. Nikila chochote, mdomoni ni kama nanyonya msumari. Dripu za kansa unazijua zinavyonifanya: wiki ya kwanza nipo tu, silali wala siamki, ya pili damu inashuka, kinga inaisha, na wauguzi wanakataza watu wasinikaribie, ya tatu nakuwa mtu, nafua, napalilia vitunguu. Nikishakuwa mtu, wananiita tena hospitali, Moshi.

Wiki ya pili ndiyo ilikuwa yako. Hapa Mlalo mgonjwa haachwi peke yake. Watu wanakuja na makande na mapeasi, wanaingia mpaka kitandani, wanakushika mkono na kukuuliza unaumwa wapi hata kama wanajua. Kumwambia mtu asiingie ni kumtukana yeye na ukoo wake. Mimi nisingeweza. Wewe ulitoa kigoda cha jikoni ukakiweka katikati ya mlango, pembeni ndoo ya bomba na sabuni, ukakaa. "Yupo ndani, anawaona. Anayempenda amsalimie kwa macho." Wazee walikasirika, ukawaamkia vizuri na hukusogea. Makande yao uliyala wewe, bakuli likarudi limeoshwa na salamu kwamba mgonjwa amemaliza yote. Mimi nakonda, wewe unanenepa. Wenzangu wana mawifi wanaowanyima hata chumvi, mimi wangu alinilia chakula changu chote na nikamshukuru.

Halafu ukaenda kukata kabichi asubuhi moja, ukaanguka kwenye matuta, hukuinuka. Presha, walisema. Hukuwahi hata kulalamikia kichwa. Wifi, mwaka mzima tulikuwa tunaangalia upande wangu tu.

Sijakusimulia la shangazi yangu Amina. Habari zilipoteremka mpaka kwake Mnazi, kule tambarare, kwamba kuna msiba kwetu, hakuna aliyeuliza ni nani. Nyumba ina mgonjwa wa kansa, aliyekufa anajulikana. Shangazi akapanda mlima na mchele wake wa msiba, akaanza kulia toka njia panda, analitaja jina langu. Rehema, Rehema, umeondoka bado mbichi. Mimi nilikuwa nimesimama uani na barakoa yangu usoni. Aliponiona alikaa chini kwenye udongo, hajui aendelee kulia au anyamaze. Kisha akaniuliza kwa Kishambaa, taratibu, "Sasa ni nani?" Nikamwambia ni Mwanaidi. Akalia upya, nami nikakaa naye kwenye udongo.

Na hakuwa peke yake. Wengine walinitazama wakainamisha macho, na nikaona kabisa kwamba kilio kile walikuwa wamekiandaa kwa ajili yangu, kikakuangukia wewe. Nilijiona mwizi. Tarehe yangu ya dripu ikapita nikiwa matangani, wakapiga simu wakanipa nyingine, nikamwambia kaka yako siendi tena. Niende na nani? Nani atanishikia beseni nikitapika, nani atagombana na wanaotaka kufunga dirisha la basi? Akachukua shoka. Unawajua watu wa kwenu, wakiumia wanakwenda kupasua kuni. Tuna kuni za kutosha mpaka masika.

Sasa sikiliza. Kesho yake baada ya arobaini alikuja Mama Salehe, jirani yetu wa bonde la chini, na bakuli la makande. Shangazi alikuwa amekwenda kuchota maji, mimi peke yangu kitandani. Nikamsikia anavua viatu barazani huku anakohoa, kikohozi cha kifua kizima. Na mimi, niliyekwisha kusema basi, nilijikuta nimeruka kitandani na kufika mlangoni kabla yake. Kigoda chako kilikuwa pale pale, hakuna aliyethubutu kukitoa. Nikakikalia, nikaujaza mlango kadiri mtu mwembamba anavyoweza. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Nisamehe, nisalimie kwa macho."

Alinitazama sana. Akaweka bakuli chini, akanawa mikono kwenye ndoo, akasalimia kwa macho, akaenda zake. Nikabaki nimekaa nalia, maana nilikuwa nimeogopa. Mtu aliyechoka kuishi angekiogopea nini kikohozi cha jirani? Jioni nikamwambia kaka yako atafute nauli ya Moshi. Aliweka shoka chini.

Tunaondoka Jumatatu. Shangazi Amina hajarudi Mnazi mpaka leo. Alikuja kunizika, amebaki kunishikia beseni, na kigoda amekikalia yeye. Hana ukali wako, wazee wanampita kidogo. Makande nayo hayawezi, anakula mahindi anaacha maharage.

Nakukumbuka, wifi. Nakukumbuka mpaka nakasirika. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na akupanulie hapo ulipolala, na wewe sasa upumzike, usikae mlangoni kwa mtu.

Ahadi yangu ni hii. Nitazimaliza dripu zote zilizobaki. Ulimi wangu ukirudi kuonja, nitaufungua mlango, kigoda nitakirudisha jikoni, aingie anayetaka anishike mkono mpaka uchoke. Makande ya Mama Salehe nitayala mimi, maharage na yote, mpaka chini. Na bakuli nitalipeleka kwa miguu yangu, nimwambie mgonjwa amemaliza yote, na siku hiyo itakuwa kweli.

Wifi yako,
Rehema