Betri Isiyotoka

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Ukienda dukani, funga dirisha la jikoni.

Kuhusu laptop. Yenye kioo kinachong'aa iache. Wewe unasomea dirishani. Jua likipiga utaona uso wako tu, na huo naujua, ni wa mama yako, hauna majibu ya mtihani. Chukua yenye kioo kisichong'aa, hata kama asubuhi umesema ni ya wazee.

~~Na ile nyembamba yenye betri ya ndani usiniletee humu.~~

Nisamehe nilivyokufokea asubuhi kwa ajili yake. Simu ya mama yako nayo ilikuwa na betri isiyotoka. Siku aliyozidiwa ilizima, umeme hakuna, mimi nabonyeza tu. Ningekuwa na betri ya kubadilisha, ningeita gari. Wakubwa wa umeme hata pole hawakutoa. Leo wakubwa wa chuo nao wanataka mtihani ufanywe kwenye kompyuta, utadhani kwao umeme haukatiki.

Muulize fundi wa pale dukani: betri ikichoka, ataweza kuifungua aibadilishe? Akikubali, nunua hiyo nyembamba, mradi kioo chake haking'ai. Akisitasita, rudi nyumbani tutafute nyingine.

Simu yangu imejaa chaji. Nipigie ukifika, hata kama huna la kusema.

Baba