Mama Mdogo Tuliyemzika Yuko Lituhi

Mbinga, Jumatano, katikati ya baridi ya Julai

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Kahawa niliyoianika juzi bado iko chini ya turubai, sijaigusa. Nimeamka nimechoka, nimekwenda misa nimechoka, nimerudi vilevile. Padre amehubiri juu ya matumaini. Mungu anisamehe, sikumsikiliza.

Wanaonisoma hapa wanajua nimekuwa nikikusanya majina ya ukoo wetu. Nilianza kwa sababu watoto wetu walioko mijini hawajui hata bibi yao alizaliwa na nani. Nikauliza wazee, nikawa naandika hapa watoto wa babu mzaa mama, walio hai na marehemu. Kwenye jina la mama mdogo Skolastika, mdogo wa pekee wa mama yangu, niliweka msalaba.

Habari yake sote tuliijua. Alikuwa binti tu alipoondoka na mchuuzi wa samaki wa kule ziwani, bila mahari, bila baraka. Babu akaapa asikanyage tena kwake. Haukupita muda mrefu habari ikapanda mlimani kwamba mtumbwi umepinduka, mume amezama na mke alikuwa humo. Miili haikuonekana. Ukoo ukakaa, ukaamua azikwe hivyohivyo. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka gauni lake la komunyo likishushwa kaburini ndani ya sanduku la mbao. Tangu siku hiyo babu hakulitaja tena kosa lake. Na kila Novemba, mpaka miguu ilipomkatalia, mama yangu alikuwa akiwasha mshumaa pale.

Basi baada ya Pasaka mwalimu mmoja anayefundisha ziwani akaniandikia. "Dada, hapa Lituhi kuna bibi anaitwa Skolastika. Anasema kwao ni Umatengoni, na wazazi anaowataja ndio hao ulioandika. Ila wewe umemwandika marehemu, na mimi jana nimemwona anagombana na mbuzi."

Nilicheka. Halafu nikakaa chini, nikausoma tena ujumbe.

Mama sikumwambia. Moyo wake ni dhaifu, daktari ametuonya. Nilijiambia nitashuka mwenyewe, nikikuta ni yeye nitampandisha, waonane kabla mmoja hajatangulia. Sikumwomba Mungu kingine chochote mwaka huu. Waonane tu.

Jumamosi iliyopita ndipo nilipopata nafasi, nikashuka. Kutoka Kitai tulipishana na malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka njia nzima, nikafika na vumbi puani, nimevaa sweta langu la Mbinga kwenye joto la ziwa. Nilimkuta ameinama anageuza usipa, wale samaki wetu wadogo, juu ya chanja. Alipoinua uso nikamwona mama yangu. Paji lilelile, meno ya mbele yameachana vilevile.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Vua kwanza hilo sweta, mwanangu, utaniangukia hapa. Ninyi wa milimani mkishuka huku mnakuwa kama kuku waliomwagiwa maji." Akanitazama, na kabla sijasema mimi ni nani, akasema, "Wewe ni wa dada. Bado anapika maharage mpaka yanakuwa uji?"

Tukacheka, tukalia, tukacheka tena. Kimatengo chake sasa kimejaa Kinyasa. Akanisongea ugali wa muhogo. Nikaona kazi imekwisha, nikamwambia kesho tunapanda, mama.

Akasema hapandi.

Hakuwa kwenye mtumbwi ule. Mimba ilikuwa imemlaza, mume akaondoka bila yeye. Alipojifungua akamfunga mtoto mgongoni, akapanda mpaka nyumbani kuomba radhi. Akazungukia upande wa kahawa kwa kuogopa mbwa, na hapo ndipo alipouona msalaba wenye jina lake. Babu alikuwa amechuchumaa anang'oa majani kaburini kwa mikono yake. Mama yangu amepiga magoti kando, analia.

"Baba alikuwa anaongea na lile kaburi, anasema 'binti yangu, binti yangu'," akaniambia. "Yule wa kaburini alikuwa ameshasamehewa, mwanangu. Mimi niliyesimama kwenye kahawa na mtoto mgongoni, nani angenisamehe? Nikageuka."

Nina umri wa kuitwa bibi, nasali rozari kila siku, na nilichoweza ni kumsaidia kugeuza usipa.

Nilimsihi mpaka Jumapili jioni. Hakubadilika, akaniapia mambo ya mlimani kwake yalikwisha. Nikamwachia namba yangu, nikaondoka na picha yake kwenye simu, basi.

Njiani nilikuwa nawaza kitu kimoja ambacho mpaka sasa kinaninyima usingizi. Tumemwombea pumziko la milele mtu aliyekuwa akihangaika na njaa, akilea mtoto peke yake, hapo chini tu. Misa tulitoa. Debe la mahindi hakuna aliyempelekea.

Jana nilimpa mama dawa zake kwanza. Nikakaa naye jikoni karibu na moto, nikamweleza polepole, yote, hata ya kwenye kahawa. Labda hilo nisingelisema. Akaichukua simu, akaitazama picha muda mrefu sana, kidole gumba kinapita kwenye lile paji mpaka picha inakimbia, namrudishia.

"Ana sura ya upole," akasema. "Mfikishie salamu zangu."

"Mama, ni Skolastika."

"Mdogo wangu angeniona nimepiga magoti nalia, asingenipita. Namjua mimi. Huyo ni mwingine."

Akanirudishia simu, akaomba maji.

Leo hajala. Nimempelekea uji mara mbili, nimeukuta umepoa. Amelala ameelekea ukutani.

Niliwakuta watu wawili, kila mmoja ameshakizoea kidonda chake, nikaenda kukifungua. Nilidhani ukweli ukipatikana watu wanakumbatiana. Nani aliniambia hivyo?

Mwalimu, najua unasoma hapa. Nakuomba usimsomee bibi maneno haya.

Nakuomba kwa sababu jioni hii imeingia simu kwa namba nisiyoijua, na ilikuwa sauti yake. Yeye aliyeniapia kwamba mambo ya mlimani kwake yalikwisha. Hakuuliza nilifikaje wala watoto hawajambo.

"Amesemaje?"

Nikasema, "Amelala, mama mdogo."

Akasema, "Basi mwache alale. Nitapiga kesho mapema, kabla hajatoka kwenda shamba."

Miaka sasa mama hajakanyaga shamba. Mama mdogo bado anamwona vile alivyomwacha, ana nguvu, anadamka na jembe begani.

Kesho asubuhi simu italia. Niipokee mwenyewe nitafute uongo mwingine, au nimwekee mama sikioni bila kumwambia ni nani?