Punje Ulizoagiza Zisagwe

Nyumbani kwa Mama,
chumba cha nyuma.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko na za kazi? Wifi na watoto hawajambo? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepoa? Mimi mwili mzima, ila rohoni siwezi kukudanganya, nimejaa pomoni.

Mama ametoka hospitali. Anatembea kwa kushika ukuta, na jeraha la kwenye paji limeanza kufunga. Ameshaanza kulalamika kuwa mama mdogo anafua shuka nusunusu, kwa hiyo ujue amerudi.

Sasa tuje kwetu. Hujawahi kuniuliza nafanya nini kiwandani. Ulinibandika jina la Mpika Shanga, ukacheka, basi. Leo nakueleza. Tunachukua ute wa mwani, tunauchanganya na dawa, tunaudondosha tone moja moja kwenye maji ya chokaa, na kila tone linaganda kuwa punje. Kisha tunazivika punje utando mwembamba unaotengenezwa kwa magamba ya kaa. Utando huo ndio kazi yenyewe. Unaizuia dawa isitoke kwa mkupuo, itoke kidogo kidogo kutwa nzima. Nikikosea unene wake, zote zinatupwa, na huwa sibishi.

Dawa ya presha ya Mama ndiyo hiyo. Daktari ndiye aliyemwandikia. Mama mdogo nilimfundisha mwenyewe: kidonge kikimkaba Mama, fungua kasha lake lenye punje ndani, zinyunyize juu ya ndizi laini, ameze bila kutafuna. Alishika vizuri. Kisha ukapiga simu nikiwa kazini, ukasikia Mama anakohoa, ukatoa amri: "Zisageni ziwe unga, mchanganye na chai. Mbona mnamtesa mzee wa watu?" Mama mdogo angekubishia vipi wewe, kifungua mimba wa nyumba hii? Akazisaga kwa kitako cha glasi. Dawa ya siku nzima ikamwingia Mama kwa pamoja, presha ikashuka, akaanguka mlangoni pa jikoni.

Ningesema hukujua, yakaisha. Lakini daktari alikueleza kwa simu kwamba kuzisaga ndiko kulikomwangusha, nikiwa nimesimama pale pale hospitali, na ukaitikia. Jioni ile ile ukawapigia ndugu wote kwamba dawa za kiwandani kwetu ndizo zilizomwangusha Mama. Hilo limeniuma, Kaka. Shangazi hapokei salamu yangu. Na Mama, niliyemwogesha kule hospitali, akiona kasha mkononi mwangu anageukia ukutani. "Niache, mwanangu," anasema. "Siku zangu zikifika, zifike zenyewe." Asipomeza dawa, presha itampanda tena, na daktari hakutuficha mwisho wake.

Sihitaji uniombe radhi. Nataka umpigie Mama, umwambie kwa kinywa chako kilichotokea.

Kwa sasa nimepata njia. Kila asubuhi namnyunyizia punje zile zile, zilizotoka mikononi mwangu, namwambia umezituma wewe. Anazimeza zote, kisha anakuombea dua.

Nisalimie wifi na wanao. Mama mdogo anakusalimu. Ile glasi ameificha, hataki kuiona. Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo wa kushika simu.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
mdogo wako,
Mpika Shanga